MJADALA: Kwa nini mwombaji ndiye afunge viambatisho kwenye ZIP, wakati mfumo unaweza kufunga wenyewe?

Mwanzisha mada, Nkuhungu

Wakuu, naleta hili tulijadili kwa sababu linawagusa watu wengi kuliko sisi tunaoandika programu. Nimekutana na mifumo kadhaa ya maombi ya mtandaoni inayomtaka mwombaji akusanye viambatisho vyake vyote, avifunge kwenye faili moja la ZIP, yaani kifurushi kinachobeba mafaili mengi ndani yake, ndipo apakie. Msimamo wangu: utaratibu huo uondolewe. Mwombaji apakie kiambatisho kimoja kimoja, na mfumo ndio ufunge kifurushi kwa ajili ya afisa atakayekipokea.

Sababu inayotajwa kila mara ni kwamba ZIP inapunguza ukubwa. Kwa maandishi matupu ni kweli. Mbinu inayotumika, inayoitwa Deflate, inatafuta mfuatano wa herufi uliokwisha kupita na, badala ya kuuandika tena, inaelekeza tu ulipo; kisha alama zinazojirudia sana zinapewa msimbo mfupi. Orodha ndefu ya majina ya wanakikundi itapungua sana. Lakini mwombaji hapeleki orodha. Anapeleka cheti cha kuzaliwa, cheti cha kidato cha nne, kitambulisho cha NIDA, barua ya serikali ya mtaa, vyote vikiwa picha. Picha ya JPEG imeshabanwa tangu simu ilipoipiga, na PDF ya kuskani kwa kawaida imebeba picha ya namna hiyohiyo ndani yake. Ukiifunga kwenye ZIP, MB 6 zinabaki karibu MB 6. Tunamsumbua mtu kwa faida ambayo haipo.

Halafu kuna bando. Mafaili manane yakipakiwa moja moja na mtandao ukakatika kwenye la sita, matano yameshafika. Yakiwa ZIP moja, mara nyingi unaanza upya, na MB zilizokwenda zimekwenda.

Kuna jambo jingine ambalo mwombaji halioni kabisa. PHP, lugha ya programu ambayo tovuti nyingi zinaitumia, isipoguswa mipangilio yake inakubali faili lisilozidi MB 2, na fomu nzima isiyozidi MB 8. Ukivuka hiyo ya pili, programu haipokei faili wala maneno uliyojaza. Kwa hiyo mtu anaambiwa "jaza jina lako" ilhali amelijaza vizuri. Anajaza tena, anapakia tena, jibu ni lilelile. Nani atamwambia kwamba tatizo ni uzito wa ZIP yake?

Afisa masjala, Mtumba

Mkuu, nakuheshimu, ila hoja yako imemtazama mwombaji peke yake. Mimi niko upande wa kupokea. Watu wanatuma mafaili yanayoitwa "scan0001" na "cheti". Nikipakua ya watu wawili kwenye folda moja, ama la pili linakaa juu ya la kwanza, ama linaongezewa namba na sijui tena ni la nani. ZIP moja yenye jina la mwombaji ni kama jalada lake. Kila kilichomo ni chake, na kama kuna upungufu ni upungufu wake. Kuna siku mtu atakosa haki yake kwa sababu cheti chake kimesomwa kwenye maombi ya mwenzake, na wa kuulizwa nitakuwa mimi, si mwandishi wa programu.

Mwanzisha mada, Nkuhungu

Afisa, hofu yako ni ya msingi na sitaki ipuuzwe. Ila jalada hilo mfumo unaweza kukuandalia vizuri zaidi. Kila ombi lina namba. Wakati wa kufunga, programu inalipa kila faili jina jipya: namba ya ombi, kisha aina ya kiambatisho. "scan0001" inakuwa "ombi-214-cheti-cha-kuzaliwa". Unabonyeza mara moja, unapata ZIP moja yenye folda ya kila mwombaji, ukiwa na uhakika kwamba majina hayagongani kwa sababu hayakutungwa na watu tofauti. Na barua ya mtaa ikikosekana, mfumo unamwambia mwombaji palepale kabla hajatuma. ZIP aliyoifunga mwenyewe unakuja kuifungua wewe dirisha la maombi likiwa limeshafungwa.

Mhudumu wa steshenari, Ng'hong'hona

Mimi wateja wangu ni wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Dodoma (UDOM) na watu wanaotafuta ajira. Naandika ninayoyaona kwenye kompyuta yangu. Mtu anakuja na RAR, kifurushi cha aina nyingine, badala ya ZIP, mfumo unaikataa. Mwingine amefunga folda nzima ya picha za simu, harusi ya dada yake imo humo pamoja na cheti cha form four. Mwingine ameweka nywila kwenye ZIP kwa kuogopa wizi, na hakuna sehemu ya kumwandikia afisa hiyo nywila. Simu nyingi za sasa zinaweza kufunga ZIP, lakini wengi hawajui ni wapi pa kubonyeza, kwa hiyo wanakuja kwangu.

Jambo linaloniumiza ni hili. Ili nimfungie mtu ZIP, lazima kwanza vyeti vyake niviweke kwenye kompyuta yangu. Anatumiwa ujumbe kwamba maombi yamepokelewa, anafurahi, anaondoka. Namba yake ya NIDA na vyeti vyake vinabaki pale. Mimi nafuta kila jioni. Si steshenari zote zinafuta. Kazi hii inaniingizia hela na bado nasema utaratibu uondoke.

Mtunza seva, Area C

Naungana na mwanzisha mada kwa sababu ambayo haijatajwa: kupokea ZIP kutoka kwa mtu usiyemjua ni hatari. Kuna faili maarufu liitwalo 42.zip, lina KB 42 tu, lakini ukifungua ZIP zote zilizopangwa ndani yake unapata zaidi ya petabaiti 4, yaani zaidi ya GB milioni 4. Seva, yaani kompyuta inayoendesha mfumo, inayofungua kila kinacholetwa bila kuweka kikomo inajaa na kusimama. Kuna pia udhaifu uliotangazwa 2018 kwa jina la Zip Slip: jina la faili ndani ya ZIP linaandikwa kwa njia inayolitoa nje ya folda lilikotakiwa kufunguliwa, likaenda kukaa juu ya faili la mfumo.

Lakini tusidanganyane kwamba kufunga upande wa seva ni bure. Programu ikijenga ZIP yote kwenye kumbukumbu ya muda ya seva (RAM), maafisa kumi wakibonyeza pamoja inazidiwa. Njia nafuu ni kuituma huku inajengwa, na ZIP inaruhusu hilo kwa sababu orodha ya vilivyomo inaandikwa mwishoni. Hasara yake: kivinjari hakijui ukubwa mapema, na upakuaji ukikatika kwa kawaida hauendelei pale ulipoishia. Kwa aliyeko Mtumba si shida sana. Kwa afisa wa Kongwa ambaye mtandao unakuja na kukatika, ni shida. Yeye anahitaji ZIP iliyokwisha kuandaliwa na kuhifadhiwa kwenye diski ya seva. Na kwa kuwa picha hazibaniki tena, mfumo uzifunge bila kuzibana, ZIP inaruhusu hivyo, na prosesa inapumua.

Msaka ajira, Kondoa

Tusisahau na upande wa kupakua. Ofisi moja iliweka tangazo na nyaraka zake zote ndani ya ZIP moja nzito. Nilihitaji fomu ya kurasa mbili. Nimelipia bando la ramani na michoro ambayo hainihusu. Waweke zote mbili: faili moja moja, na ZIP kwa anayetaka vyote.

Afisa masjala, Mtumba

Kuhusu majina mmenishawishi. Hapo kwenye ZIP zinazoandaliwa diskini bado. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 imeanza kutumika Mei 2023, na haituruhusu kukaa na taarifa za mtu kuliko muda unaohitajika. Mnataka nakala ya pili ya vyeti vya waombaji wote ikae kwenye seva. Nani anaifuta, na lini? Mhudumu wa steshenari anafuta kila jioni kwa uungwana wake. Seva haina uungwana.

Mtunza seva, Area C

Swali halali, na lijibiwe kwenye mkataba kabla mfumo haujapokelewa. Pendekezo langu: kifurushi kikae nje ya folda inayofikiwa na umma, kipakuliwe na afisa aliyeingia kwa akaunti yake tu, na kijifute baada ya saa 24. Akikihitaji tena, kinajengwa upya kutoka kwenye mafaili ya asili. Na kila upakuaji uandikwe: akaunti gani, saa ngapi, ombi namba ngapi.

Afisa masjala, Mtumba

Saa 24 hazitoshi kwa aliyeko wilayani na umeme umekatika. Weka 72, na hiyo kumbukumbu ya upakuaji isifutike hata na msimamizi wa mfumo. Hapo nitakubali.