Kipandikizi cha glakoma badala ya matone: kimefikia wapi?

Bint_Langoni, Lamu
Asalaam aleikum. Wagonjwa wa presha ya macho (glakoma) kutoka Faza na Kizingitini hupitisha wiki bila matone bahari ikichafuka. Nasikia kuna dawa ya kuwekwa ndani ya jicho ikakaa miezi. Mbona haijatufikia?

Mtaalamu_Konea
Waaleikum salaam dada. Dawa yenyewe ni ileile ya matone. Kigumu ni kuifanya itoke kidogo kidogo bila kudhuru. Tone lina mikrolita 30 hadi 50, jicho halibebi zote, nyingi huishia shavuni na puani. Kipandikizi hukwepa hasara hiyo.

Cha bimatoprosti, dawa ya kushusha presha ya jicho, kina mikrogramu 10 tu, ndani ya polima (kitu kama plastiki) inayoyeyuka, na huingizwa kwa sindano chemba ya mbele, yaani nafasi yenye maji nyuma ya konea (kioo cha mbele cha jicho). Marekani ilikiidhinisha 2020, mara moja tu kwa kila jicho. Kijiti hicho hutua chini, jirani na konea, na majaribio ya kukirudia yalipunguza seli za tabaka la ndani la konea. Seli hizo zikifa hazizaliwi tena, konea huvimba na kuwa na ukungu. Cha travoprosti, dawa ya jamii hiyohiyo, kilichoidhinishwa 2023, ni cha metali ya titani na hupigiliwa ukutani mwa jicho ili kisitembee. Hicho kinadai chumba cha upasuaji na mkono uliozoea.

Mzee_wa_Leza
Msingoje kipandikizi, leza ya SLT ipo, mwanga unaopigwa kwenye njia ya kutolea maji ya jicho ili presha ishuke. Utafiti wa hospitali ya KCMC, Moshi, Tanzania, uliotolewa 2021 uliilinganisha na matone ya timololi: baada ya mwaka, 61% ya macho ya leza yalifikia lengo la presha, ya timololi 31%. Ila pembe ya ndani ya jicho, maji yanapotokea, lazima iwe wazi, kwa hiyo gonioskopi (kipimo cha kuitazama pembe hiyo) kwanza. Nguvu ya leza hupungua kadiri muda unavyopita. Presha ya jicho ipimwe hata kama mgonjwa hana malalamiko, maana glakoma haiumi.

Duka_la_Dawa_Malindi
Kwa anayebaki na matone ya latanoprosti: chupa isiyofunguliwa hukaa friji, nyuzi 2 hadi 8. Ikifunguliwa ni wiki 6 tu, isizidi nyuzi 25, na joto letu la mchana hupita hapo. Iandikeni tarehe ya kufunguliwa. Akishatia tone moja, afumbe jicho na abonyeze kona ya puani dakika 2. Dawa ya pili baada ya dakika 5. Timololi haidai friji, lakini mwenye pumu asipewe kabisa.