Texas: polisi wa jimbo, wa jiji au wa sherifu? Wapi ukikaa sana mshahara unapanda?

Mtoto_wa_Tandale
Wakuu habari za kazi. Nipo Houston, nataka kuingia upolisi. Naona milango mitatu: DPS (polisi wa jimbo), polisi wa jiji, au kwa sherifu wa kaunti. Mshahara wa kuanzia popote nitaumudu. Shida yangu ni mbele ya safari: wapi mtu akikaa miaka mingi pesa inapanda bila kumbembeleza bosi? Fomu za DPS ninazo, nataka kurudisha mwezi ujao. Naombeni uzoefu wenu.

Mkazi_FortWorth
Umri? Elimu? Uraia? Umewahi kuvaa gwanda popote? Umekuja sokoni unauliza bei bila kusema unanunua nini. Lete data.

Kaka_Mkubwa
Wakati tunamsubiri, niseme la DPS, maana huko hakuna siri. Mshahara wao uko kwenye Jedwali C, linalowekwa na wabunge kule Austin ndani ya bajeti ya miaka 2. Wanaangalia mambo mawili: cheo chako na miaka yako. Chini ya miaka 4, halafu 4, 8, 12, 16, 20. Ukivuka mstari unalipwa zaidi hata kama mkuu wako hapendi sura yako. Maaskari wa wanyamapori wa jimbo nao wamo humo humo. Juu yake kuna posho ya mazingira hatarishi, dola 10 kwa mwezi kwa kila mwaka uliotumikia. Mwenye miaka 15 anavuta 150 za ziada kila mwezi.

Kiboko77
150 ni mafuta ya gari tu mkuu. Dogo, nenda jiji. Ovataimu ipo, na lindo za nje ya zamu kwenye maduka na makanisa zinalipa vizuri. Tena miji inayofuata Sura ya 143 (sheria ya jimbo ya ajira za polisi na zimamoto wa miji), kwenye mtihani wa kupanda cheo unaongezewa alama 1 kwa kila mwaka wa kazi, mwisho 10. Huko DPS ukimaliza chuo hujui utapangiwa wapi. Tangu Operesheni Lone Star, ile ya Texas ya kulinda mpaka na Mexico, ianze Machi 2021, waulize wenye familia wamelala mpakani usiku mingapi.

Kaka_Mkubwa
Kiboko unacheka 150? Posho ya ukongwe ya polisi wa jiji kwa sheria ya jimbo ni dola 4 kwa mwezi kwa kila mwaka, inagota miaka 25. Hiyo ni 100. Chukua kikokotoo.

Kiboko77
Hiyo ni ya kwenye sheria. Kinacholipa jiji ni mkataba wa chama cha wafanyakazi. Wewe wa jimbo huna chama cha kukaa mezani na mwajiri, unasubiri wabunge wakutane mwaka usiogawanyika kwa mbili ndipo ujue utakula nini.

Mama_Shani
Mimi wa kaunti, nisikilizeni. Nilifanya kazi kwenye jela ya kaunti moja ambayo sitaitaja. Siku ya kuajiriwa nilioneshwa jedwali zuri kabisa, kila mwaka ngazi moja. Mwaka wa kwanza nikapanda. Baadaye makamishna wa kaunti wakakaa na bajeti yao, ngazi zikagandishwa. Tukaambiwa ni kwa muda. Walipoona watu wanaacha kazi, wakapandisha mshahara wa kuanzia ili wapate wapya, lakini sisi wa zamani tukaachwa palepale. Binti niliyemfundisha mimi mwenyewe kufunga milango ya seli akawa ananikaribia kwa malipo, tofauti haifiki hata pesa ya mboga. Nikalalamika, nikajibiwa kwamba ngazi zangu "zimehifadhiwa". Zimehifadhiwa wapi, kwenye friji?

Na si hilo tu. Nilipotaka kuhamia jimbo nikadhani miaka yangu inakwenda na mimi. Haikwenda. Leseni ya askari jela na leseni ya polisi ni vitu viwili. DPS wanaweza kukuhesabia hadi miaka 4 ya uzoefu, lakini iwe ya upolisi ndani ya Texas. Miaka ya kugawa trei za chakula haimo. Kwa hiyo mtoa mada, ukiingia kwa sherifu uliza: naanzia jela au doria? Maana wengi huanzia jela.

Mkazi_FortWorth
Pole Mama Shani. Hiyo ya wapya kuwafikia wakongwe ipo kila mahali.

Mtoto_wa_Tandale
Asanteni. Samahani nilikuwa zamu. Nina miaka 33, diploma ya uhasibu, sasa hivi ni mlinzi wa ghala. Nina grini kadi, mwaka wa nne huu.

Kaka_Mkubwa
Ndugu yangu! Hilo ndilo lilikuwa la kuanza nalo. TCOLE, wanaotoa leseni za polisi Texas, wanataka raia. Mwenye grini kadi anapita tu kama alitumikia jeshi la Marekani, akatoka vizuri na ameshaomba uraia. Rudisha fomu kabatini, subiri kiapo.

Dogo_Sacramento
Au njoo California. Tangu Januari 2023 sheria ya huku haidai uraia kwa polisi, kibali cha kufanya kazi kinatosha. Mshahara wa CHP, polisi wa jimbo wa huku, unafuata wastani wa vikosi vitano: polisi wa Los Angeles, sherifu wa kaunti ya Los Angeles, San Diego, Oakland na San Francisco. Wao wakipanda, nasi tunapanda. Ila kuomba kuna ukomo wa umri, kwa hiyo usilale.

Kiboko77
Na kodi ya nyumba je, wastani wa miji mingapi?

Mkazi_FortWorth
😂 Mimi nasema suala ni pensheni. Wazee wa jimbo wakikusimulia pensheni yao, uliza waliajiriwa lini. Walioanza Septemba 1, 2022 na kuendelea wako kwenye mfumo mpya wa akaunti yenye riba. Ile ya kuzidisha miaka kwa mshahara wa mwisho hamtaikuta.

Otieno_wa_Dallas
Afadhali huko miaka inahesabiwa. Kenya makonstebo wenye digrii walikuwa wanalipwa kama mainspekta kwa utaratibu wa 1995, baadaye wakarudishwa chini, ikabidi waende kortini.

Kaka_Mkubwa
Digrii ilipwe, sawa, lakini sajenti aliyekaa miaka 20 bila digrii umwambie nini?

Otieno_wa_Dallas
Aende shule.

Mama_Shani
Otieno umeanza. Aende shule na zamu ya usiku amwachie nani?

Mtoto_wa_Tandale
Wakuu, kabla hamjagombana, hivi chuoni kuna kuogelea?

Kiboko77
Mtu wa Dar hujui kuogelea?

Mtoto_wa_Tandale
Tandale hakuna bahari mkuu.