Taashira za dini katika "Journey of the Magi": nianzie wapi?

Msomaji wa Kondele, Kisumu
Habari zenu wadau. Jumamosi kikundi chetu kinajadili "Journey of the Magi" ("Safari ya Mamajusi", wale wataalamu waliomwendea mtoto Yesu), shairi la T. S. Eliot, kwa muda wa saa moja na nusu. Wengi wetu tumelelewa na Biblia, kwa hiyo kila kitu kinageuzwa taashira: ngamia ni kanisa, theluji ni dhambi, na mjadala unakuwa mahubiri. Taashira ya kweli nitaitenganishaje na ile tunayoipachika wenyewe?

Mwalimu, Kakamega
Anza na kisichokuwepo. Someni Mathayo 2:1-12, kisha shairi zima kwa sauti. Ni mishororo 43 tu. Halafu uliza: nyota iko wapi? Dhahabu, uvumba na manemane je? Herode? Hamna. Hata mtoto haonekani: nafsineni (anayezungumza ndani ya shairi) anafika mahali penyewe, anasema tu kwamba paliridhisha. Picha zote za Krismasi tulizozizoea zimeondolewa makusudi.

Sasa ingieni ubeti wa pili, taratibu. Miti mitatu: misalaba ya Luka 23:33. Farasi mweupe: Ufunuo 6:2 au 19:11, na sura hizo mbili hazisemi jambo moja, waache wabishane. Majani ya mzabibu juu ya kizingiti: Yohana 15 (Yesu ni mzabibu) imekutana na Kutoka 12 (damu ya Pasaka kwenye kizingiti). Mikono sita inacheza dadu kwa vipande vya fedha: Yuda (Mathayo 26:15) na askari waliopigia kura mavazi (27:35) wamebanwa katika mshororo mmoja. Mamajusi wanaendea kuzaliwa, lakini njiani zimetapakaa alama za kifo, nao hawazitambui. Sisi tunazitambua kwa kuwa yaliyofuata tunayajua. Mimi naona uzito wote wa kiroho uko hapo.

Mpenda mashairi, Nakuru
Naunga mkono, ila chungeni kinu cha maji kilichomo katika ubeti huohuo wa pili. Katika mihadhara yake iliyochapishwa 1933, Eliot anataja kumbukumbu ya wahuni sita walioonekana dirishani usiku wakicheza karata, kwenye kituo kidogo cha reli Ufaransa palipokuwa na kinu cha maji. Ndani ya shairi karata zimekuwa dadu na fedha imeongezwa, yaani amekisogeza kitu kuelekea andiko. Kinu hakukisogeza hivyo. Ukikilazimisha kiwe Roho Mtakatifu, unabaki bila ushahidi.

Kwa hiyo anayedai taashira aonyeshe andiko, na pia aonyeshe sehemu nyingine ya shairi inayolishikilia dai lake. Miti mitatu inashikiliwa na mauti ya ubeti wa mwisho. Theluji kuwa dhambi haishikiliwi na chochote, na Isaya 1:18 inaipinga waziwazi: pale theluji ni weupe wa dhambi zilizosafishwa.

Msomaji wa Kondele, Kisumu
Asanteni sana. Lazima mtu ataniuliza: alikuwa ameokoka alipoliandika?

Dada wa Vihiga
Alibatizwa katika Kanisa la Anglikana Juni 1927, na shairi likatoka mwaka huohuo. Usikubali jibu hilo lifunge mjadala. Anayesema ni mzee aliyerudi kwao akakuta watu wake wamekuwa wageni kwake, wameng'ang'ania miungu yao, na anamalizia kwa kutamani kifo kingine. Hakuna haleluya pale. Utengee ubeti huo nusu ya muda wako.

Pia, mishororo mitano ya kwanza imo ndani ya alama za kunukuu: imetoka katika mahubiri ya Krismasi ya Askofu Lancelot Andrewes, 1622. Wasioliona hilo huisumbukia bure ile baridi inayotajwa humo.

Mkiendelea na "Ash-Wednesday" ("Jumatano ya Majivu"), shairi lake la 1930, msikose Mkatoliki au Mwanglikana kikundini. Quaker na Wapentekoste wa huku kwetu wataitambua mara moja mifupa ya Ezekieli 37, lakini Jumatano ya Majivu si sehemu ya ibada yao. Mwisho wa sehemu ya tatu watamsikia peke yake akida wa Mathayo 8:8, yule aliyemwambia Yesu kwamba hastahili. Mkatoliki atasikia pia sala inayosemwa kabla ya komunyo, na mishororo ile inahitaji vyote viwili.