Kusafisha mtutu wa kaliba 12: kila ukitoka porini, au mara moja kwa mwaka?

Mtoto wa Katuba: Wandugu, baba aliniachia bunduki ya kaliba 12 ya mitutu miwili, karatasi zake ziko. Natoka nayo mara mbili tatu kwa mwaka. Fundi mmoja hapa Lubumbashi anasema nisafishe hata nikipiga risasi moja tu. Yaya, ndugu yangu mkubwa, anasema mara moja kwa mwaka inatosha, kusugua sana kunakula chuma. Nimfuate nani?

Kamalondo 12: Fundi. Na usingoje kesho, hasa kama risasi zako ni za zamani. Fataki zake, zile zinazowasha baruti, zilikuwa na klorati ya potasiamu: ikilipuka inaacha chumvi, na chumvi inavuta unyevu. Mvua ya Novemba ikianza, kutu hiyo. Mafuta hayayeyushi chumvi. Maji ya moto na sabuni kwanza, ukaushe kabisa, ndipo mafuta kidogo. Usifanye kama wale wa kijijini wanaopaka mawese na kusema wametunza bunduki.

Mjukuu wa Kasenga: "Wale wa kijijini" ni akina nani? Babu yangu alilisha watoto tisa kwa pupu, bunduki ya kupakia baruti mdomoni. Akirudi, maji ya moto ndani ya mtutu kabla hajagusa bukari, yaani ugali. Kabla hajala! Masizi ya baruti nyeusi yanakunywa maji, yakilala usiku mmoja yanaanza kula chuma. Alijua hayo bila shule.

Kamalondo 12: Sikumtukana muzee. Nilisema mawese.

Mjukuu wa Kasenga: Ulisema "wale". Na mawese yalipakwa kwenye kitako cha mbao, hayakuingia mtutuni.

Mama Ruashi: Hata mimi imeniuma. Mama yangu alipaka mawese kwenye jembe, na jembe hilo ninalimia mpaka leo.

Kamalondo 12: Mama, jembe halipigi risasi. Mafuta mazito yakijaa mtutuni nawe ukapiga, mtutu unaweza kuvimba. Nimeshika mmoja, umevimba kama nyoka aliyemeza panya.

Yaya wa Kampemba: Na swali la mtoto? Kinachoharibu ni fimbo ya chuma inayoingizwa kwa mdomo wa mtutu, inakwaruza pale pale risasi inapotokea. Kaliba 12 inafunguka katikati, ingiza fimbo kwa nyuma. Bunduki ndogo ya kaliba 22 ndiyo wengi husafisha mara chache, risasi zake zimepakwa nta.

Mwana Upemba: Kwanza unawinda nini? Kuna sheria ya uwindaji, ya 1980 na kitu. Wanyama wanatuishia, ninyi mnabishana sabuni.

Mjukuu wa Kasenga: Ni ya tarehe 28 Mei 1982, namba 82-002. Naijua kwa sababu kila mara inasomewa mwenye pupu. Waliomaliza tembo walikuja na bunduki za vita. Mzee wa Kasenga alikuwa anatafuta sungura.

Mwana Upemba: Sungura leo, kesho swala. Mtego ni mtego, pupu ni pupu, nyama ni ile ile.

Mtoto wa Katuba: Nimeifungua, haina risasi, nimeitazama kwenye mwanga wa dirisha. Mtutu wa kushoto una madoa mekundu karibu na chemba, pale risasi inapokaa. Niliiweka na mvua ya Machi, bila kuifuta.

Mjukuu wa Kasenga: Chemsha maji sasa hivi, mdogo wangu. Kamalondo, bado nakungoja kuhusu "wale".