Nataka kuacha ofisi nifanye kazi za usaidizi wa mtandaoni nikiwa nyumbani Tanga. Hizi sababu zangu zinatosha?

BintiMakorora

Assalam aleykum na habari za jioni. Shikamooni wakubwa.

Mie ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, naishi Makorora, Tanga mjini. Nimeajiriwa kwa wakala mmoja wa forodha, niko upande wa nyaraka. Kutwa ni baruapepe na simu: kuwasumbua watu wa meli watoe D.O. (hati ya kuruhusu mzigo ukabidhiwe), kumsaka mwenye mzigo alipe kabla storeji haijaanza kuhesabu, kukagua kama jina lililo kwenye bili ya mzigo ndilo lililo kwenye ankara. Herufi moja ikipishana kontena linalala. Mshahara si wa kutisha ila unaingia.

Mwaka jana mama alipata kiharusi. Upande wa kulia haufanyi kazi, na maneno yanamtoka kwa shida. Tumezaliwa wawili, kaka yuko Mwanza na hela anatuma, sitaki kumsema vibaya, lakini hela haimgeuzi mgonjwa kitandani. Wasichana wa kazi wanakuja na kuondoka. Jioni nyingine narudi nakuta shuka limelowa, mama analia kimyakimya, na msichana yuko barazani na simu.

Nina rafiki yuko Arusha anafanya kazi ya VA, yaani msaidizi wa mtandaoni. Mteja yuko nje ya nchi, yeye anampangia kalenda, anapanga baruapepe zake, anamwekea hesabu kwenye Excel, analipwa kwa dola. Nimevutika.

Sababu zangu: kwanza mama. Pili bosi, ambaye hupiga simu saa nne usiku kuuliza muhuri umewekwa wapi. Tatu dola. Ya nne naona haya kuisema: nimechoka kuwa mtu wa kutumwa. Nataka kitu kiitwe changu.

Ndugu wanaona nimechanganyikiwa. Naombeni ushauri wa kweli.

Mgosi wa Pongwe

Tanga waja leo waondoka leo, wewe umeamua kutotoka hata mlangoni 😂 Pole kwa mama, dada. Naweka mkeka hapa nisome wajuzi.

KashataChungu

Sababu ya pili ifute kabisa. Unamkimbia bosi mmoja uende kupata wanne, na hao wanne hawajuani. Kila mmoja anaamini wewe ni wake peke yake. Mimi kuna mteja aliniandikia "samahani kukusumbua" mara nyingi kiasi kwamba nikitazama vizuri, hakuna saa ambayo hakunisumbua. Bosi wako angalau Idi anakupa mapumziko.

Nahodha wa Nchi Kavu

Dada pole sana, Mungu amwafu mama.

Nafanya kazi hii kutoka Chumbageni. Kilichoniingiza ni ndoa. Mke wangu ni mwalimu, alipangiwa Kilindi, akahamishwa Muheza, na kila akihama mimi naacha kazi naanza upya kutafuta. Nikasema nitafute kazi ninayoweza kuibeba kwenye begi. Kwa hiyo mimi naweza kuhama, ila siwezi kukosa mtandao, na wateja nawachagua kwa kigezo hicho. Sababu yako ndiyo itakayokuchagulia mteja. Sasa chukua ya mama uipime.

Wengi wanawaza Marekani. Hesabu masaa. New York saa 3 asubuhi, kipindi ambacho wamesogeza saa mbele, yaani Machi hadi mwanzoni mwa Novemba, hapa ni saa 10 alasiri. Anafunga ofisi saa 11 jioni yake, huku ni saa 6 usiku. Ikifika Novemba wanarudisha saa nyuma, nawe unasukumwa hadi saa 7 usiku. Utakuwa nyumbani ndiyo, ila macho yako kwenye kioo muda uleule wa kumlisha mama, kumsafisha na kumlaza. Asubuhi anapoamka yeye, wewe ndiyo kwanza unapata usingizi. Mama atakuwa na binti ndani ya nyumba asiyepatikana.

Uingereza ni habari nyingine. Saa 3 asubuhi ya London ni saa 5 asubuhi yetu majira yao ya joto, na saa 6 mchana majira ya baridi. Asubuhi yote ni ya mama. Unamwogesha, anakula, anafanya mazoezi ya mkono, ndipo unafungua kompyuta.

La pili: kuna mteja anayetaka uwe hewani, simu ikilia upokee, na kuna mteja anayetaka kazi iwe imekamilika kesho asubuhi, ukiifanya saa ngapi si shauri lake. Kwa hali yako wa kwanza mkatae hata akija na dola nyingi. Hapo sababu yako ya kwanza na ya tatu zitagombana, na ni vizuri uamue mapema ipi itashinda.

Nesi wa Zamu

Naongeza kwa upande wangu. Mgonjwa wa kiharusi asiyeweza kujigeuza anatakiwa kugeuzwa takriban kila baada ya masaa mawili, la sivyo vidonda vya mgongo na vya nyonga vinaanza, na vikianza kuvitibu ni shughuli. Hapo bado chakula. Wengine wanapaliwa kwa urahisi, humlishi huku unaandika, unakaa naye ameinuliwa vizuri hadi amalize. Kwa hiyo usijidanganye kwamba ukiwepo nyumbani msichana wa kazi hahitajiki. Anahitajika. Tofauti ni kwamba sasa utasikia.

Mzee wa Dola

Mbona mnaikwepa ya tatu kama dhambi? Mimi niliingia kwa ajili ya hela na sina haya. Nilikuwa nakatwa 15% ya mshahara na Bodi ya Mikopo, nikigawa nyumbani hela ya nauli naitafuta kwa tochi. (Ukijiajiri deni halifutiki lakini, unatakiwa ujilipie mwenyewe, wasije wakakudanganya.)

Ila hela yenyewe ina mambo yake. PayPal ya kufungulia Tanzania inatuma tu, haipokei, kwa hiyo wengi tunapitia Payoneer halafu benki. Upwork, ule mtandao wa kutafutia wateja, wanakata kamisheni yao, na hata kuomba kazi unalipia vile vitiketi vyao vya konekti, senti 15 za dola kila kimoja, na tangazo moja linakula kadhaa. Mwezi wa kwanza unaweza kutoa hela bila kuingiza. Na anayekwambia lipa ada ya usajili ndipo upewe mteja, au akodi akaunti yako, huyo mkimbie.

Mpemba wa Duga

Na umeme je? Na mtandao? Mei 12, 2024 mikongo ya baharini ya EASSy na Seacom ilipopata hitilafu, nchi nzima tulisota. Mteja aliyeko Leeds hajui mkongo, anajua hujajibu. Laini za mitandao miwili na betri ya kuendesha ruta ni lazima, si anasa.

Chuma cha Mkonge

Watu wazima mnampoteza dada wa watu. Kupanga kalenda na kujibu baruapepe siku hizi akili mnemba inafanya bure. Kazi inakufa hiyo, abaki ofisini.

Nahodha wa Nchi Kavu

@Chuma cha Mkonge una nusu ya haki. Kazi za kuandika "asante kwa baruapepe yako" zinaondoka kweli, hata mimi zimenipungua. Lakini soma tena alichoandika juu. Mtu anayejua kwamba jina la kwenye bili na la kwenye ankara yakipishana kontena linalala, na anajua ampigie nani kabla storeji haijaanza, huyo mashine haijamfikia. Dada, wewe unaenda kuomba kazi ya kalenda ya Mzungu wakati una ujuzi ambao Mtanzania aliyeko Birmingham anautafuta. Ametuma gari au vifaa vya duka, anapiga simu huku anaambiwa "kesho", hajui akamatie wapi.

Bi Mkubwa Raskazone

Hapo Nahodha umesema, ila angalieni mpaka. Kutoa mzigo forodhani ni kazi ya wakala mwenye leseni ya TRA. Binti asijitangaze kwamba anatoa mizigo. Anafuatilia, anakagua nyaraka, anamwandikia mteja taarifa, basi. Na wateja wa bosi wake asiwaguse, hata wakimfuata wenyewe leo. Tanga ni ndogo mwanangu, mtakutana harusini.

Kingine, utashika hati za kusafiria za watu, namba zao za TIN, pengine hata nywila. Tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, si mambo ya kurushiana kwenye kundi la WhatsApp.

BintiMakorora

Nimesoma zote, wengine nimewasoma mara mbili. Nesi, hapo kwenye "sasa utasikia" umenigusa, maana ndicho ninachokitaka hasa. Sikuwa nawaza kumfukuza msichana, nawaza niwe chumba cha pili.

Bi Mkubwa shikamoo, nimekuelewa kuhusu leseni na wateja.

Ila hamjanijibu ya nne. Mtu wa kutumwa. Na huku si nitatumwa vilevile?

MamaPacha

Utatumwa, mpenzi. Ila utaandika mwenyewe unatumwa nini, hadi saa ngapi, kwa bei gani, na anayevuka unamkumbusha karatasi aliyosaini. Mimi nilikuwa katibu muhtasi, nikichapa barua, nikichemsha chai, nikienda kumchukulia bosi mtoto shule, vyote kwa mshahara mmoja. Likizo ya uzazi sheria inatoa siku 84, kwa mapacha 100. Niliporudi meza yangu alikuwa amekalia mwingine. Sikuingia huku kwa ajili ya uhuru, nilitaka kila kazi niliyokuwa nafanya iwe na bei yake. Sababu yako ya nne mimi naiona ndiyo itakayokuamsha siku mteja wa kwanza akichelewesha malipo, wakati dola imekukatisha tamaa na mama amekesha. Usiionee haya.

KashataChungu

Haya MamaPacha kanimaliza. Lakini asiache kazi sasa hivi jamani.

Nesi wa Zamu

Likizo ya mwaka umechukua? Sheria inakupa siku 28. Tumia hizo kujaribu, mama yuko pembeni, uone mwili wako na nyumba vinahimili au la. Ukiona sivyo unarudi mezani kwako hakuna aliyejua. Ukiona ndivyo, wa mshahara wa mwezi unatoa notisi ya siku 28, unaondoka kwa amani.

BintiMakorora

Likizo ninayo, sijaigusa. Bosi atanuna lakini ni haki yangu.

Nimeandika hivi kwa ajili ya kuwatumia watu wa Uingereza, nisahihishieni: "Natoa huduma mbalimbali za usaidizi wa mtandaoni kwa bei nafuu. Najua nyaraka za mizigo, baruapepe, Excel, na nyinginezo. Napatikana muda wowote."

Nahodha wa Nchi Kavu

Toa "mbalimbali", toa "nafuu", toa "na nyinginezo". Na hiyo "muda wowote" ndiyo bosi wako wa saa nne usiku, umemkaribisha mwenyewe. Andika: "Una mzigo unakuja Bandari ya Tanga au Dar? Nakagua nyaraka zako kabla meli haijafika, nawafuatilia wakala na watu wa meli, na kila siku ya kazi nakuandikia umefikia wapi. Saa 5 asubuhi hadi saa 9 alasiri, saa za Tanzania." Bei weka kwa mzigo mmoja, usiweke kwa saa, maana mama akiita utasimama na saa haitasimama.

BintiMakorora

Saa 9 alasiri ndiyo muda wa kumtoa barazani apate upepo. Niweke saa 8?

Nahodha wa Nchi Kavu

Weka 8.