Mrejesho: boksi la gitaa la besi, inchi 15 moja au 10 mbili?

Wakuu, naleta mrejesho. Niliomba ushauri kama boksi la gitaa la besi nilifunge spika moja ya inchi 15 au mbili za inchi 10. Nimechukua mbili za 10, na nimeridhika mno.

Kilichoniamulia ni hoja ya mmoja wenu kwamba upana wa koni peke yake hautoshi. Uzito wa besi unatokana na hewa inayosukumwa, yaani eneo la koni zote mara umbali zinaoweza kwenda mbele na nyuma. Hizi nilizochagua zinatembea sana.

Boksi nimelifanya la tundu, yaani lenye bomba la kupitishia hewa, na hapa panahitaji umakini kweli. Ujazo wake na urefu wa bomba hukokotolewa kwa vipimo vya Thiele na Small, yaani namba zinazoeleza tabia ya spika husika. Kunakili boksi la mwenzako lenye spika tofauti ni kubahatisha. Uzi wa E, wa chini kabisa kwenye besi ya nyuzi nne, uko takribani Hz 41 (mitetemo 41 kwa sekunde). Sauti ikishuka chini ya masafa ambayo tundu limepangiwa, koni hukosa kizuizi cha hewa na kurukaruka kupita kiasi, hata wati zikiwa chache. Nimeweka kichujio cha kukata sauti za chini kabisa. Kiwekeni, jamani!

Spika nimezipanga wima, moja juu ya nyingine, sauti isambae zaidi pembeni, hivyo hata mpiga ngoma aliye pembeni ananisikia vizuri. Spika mbili za omu 8 (kipimo cha ukinzani wa umeme) nikiziunga sambamba zimenipa omu 4, na amplifaya inazimudu.

Kwa aliyeuliza kuhusu besi ya nyuzi tano: uzi wake wa chini, B, ni kama Hz 31, boksi langu sikulilenga huko. Ahsanteni sana.