Nichague vipi ukubwa wa kipandikizi cha matiti?

Nasra ameuliza:
Habari zenu. Nimekwisha kuamua kufanyiwa upasuaji wa kuongeza matiti, na miadi yangu na daktari bingwa imekaribia. Kinachonitatiza ni ukubwa. Rafiki yangu aliwekewa vipandikizi vya silikoni vya mililita 350 na vimempendeza sana, ila yeye ana kifua kipana, ilhali mimi ni mwembamba na kifuani sina nyama nyingi. Je, niombe ukubwa uleule, au kuna njia ya kuujua unaonifaa mimi?

Bi Salma amejibu:
Mdogo wangu, usianze na mililita, anza na upana wa kifua chako. Daktari makini hupima upana wa titi pale linaposhikana na kifua, umbali wa kutoka chuchu hadi mkunjo ulio chini ya titi, jinsi ngozi inavyovutika, na unene wa nyama anayoifinya kwa vidole juu ya titi. Kipandikizi hakitakiwi kuuzidi upana huo, kwani kikiuzidi kingo zake huweza kuonekana au kuhisika kwa mkono, hasa upande wa kwapa, na matiti huweza kusogeleana mno katikati. Tena, kwa ujazo mmoja kuna vipandikizi bapa vilivyo vipana na vingine vyembamba vinavyochomoza mbele, kwa hiyo mililita 350 za rafiki yako, hata ukiwekewa wewe, hazitakupa umbo lake. Vipimo vikishajulikana, vitakavyobaki vya kuchagua ni vichache, na hapo ndipo matakwa yako yanapoingia.

Nasra:
Ahsante sana, dada. Na huo wembamba wangu una athari gani?

Mwanaidi amejibu:
Una athari kubwa, na ndilo jambo ambalo ningekusihi ulizungumze na daktari kwa kirefu. Nyama inayofinywa sehemu ya juu ya titi ikiwa chini ya sentimita 2, madaktari wengi hupendelea kukiweka kipandikizi chini ya msuli wa kifua ili kipate kifuniko cha kutosha, ingawa maumivu ya siku za mwanzo huwa makali zaidi na titi huweza kutikisika msuli unapokazwa. Uzito nao usiupuuze: kipandikizi cha silikoni cha mililita 400 kina takriban gramu 400, na ngozi yako ndiyo itakayoubeba uzito huo mchana na usiku kwa miaka. Kikiwa kikubwa kuliko nyama inayokishika, ngozi hukonda na kulegea, mikunjo ya kipandikizi huonekana kwa juu, na pengine chenyewe huteremka chini ya mkunjo wa titi. Kwa kuwa vipandikizi si vya kudumu maisha yote, huenda siku moja ukahitaji upasuaji mwingine, na daktari atafanya kazi na ngozi itakayokuwa imebaki. Kwa maoni yangu, ukijikuta kati ya saizi mbili na wewe ni mwembamba, chukua ndogo.

Bi Salma:
Naongeza la kujaribia. Pima mchele kwa jagi lenye alama za mililita, utie katika soksi nyembamba, uufunge, kisha uuvae ndani ya sidiria laini isiyo na sponji chini ya blauzi inayobana, ukae nao saa kadhaa ukifanya shughuli zako. Hautakuonyesha umbo kamili, kwa kuwa uko nje ya mwili na si ndani, lakini utakupa hisia ya wingi na uzito. Kliniki nyingi za upasuaji huu zina vipandikizi vya majaribio vya kuvaa kwa namna hiyohiyo. Halafu usimwambie daktari kwamba unataka kikombe fulani cha sidiria, maana kila kiwanda hushona kwa vipimo vyake. Mpelekee picha za wanawake wenye kifua kinachofanana na chako, zikiwemo za umbo usilolitaka, naye akueleze ni lipi linalowezekana kwa vipimo vyako.